Mbuzi wa Mama kwenye Barabara ya Kitui

Nyinyi wa kwaya mmeniuliza kwenye grupu nilikuwa wapi ile Jumapili ambayo sauti ya pili iliimbwa na mtu mmoja, tena mwenye mafua. Nilijibu "safari ya familia" mkanicheka, kwa sababu mnajua kwetu ni Katelembo, na kwa akina Mama ni mbele kidogo ya Wamunyu. Ni mwendo wa asubuhi moja. Sisi ulituchukua siku mbili. Nimefunika cherehani, chai iko mezani, nawaandikia.

Kwa wenzangu ambao si Wakamba, lazima nianze na ntheo. Ni mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja, ambao mwanamume huwapeleka kwao msichana. Beberu huchinjwa huko huko na watu wa pande zote mbili hula nyama pamoja. Mahari mengine yanaweza kungoja hata miaka, lakini bila hao watatu mwanamke si mke wa mtu, hata azae timu ya mpira. Mama amezaa sisi sita, na Baba hakuwa amepeleka hata kwato.

Si kwamba alikataa. Baba alikuwa kibarua wa barabara wakati hii ya kutoka Machakos kwenda Kitui ilipokuwa ikiwekwa lami. Kambi yao ilifika Wamunyu, akamwona Mama akiuzia vibarua uji wa mtama, na kambi ilipohama Mama alihama nayo, amekaa juu ya lori katikati ya mapipa ya lami, bila kumuaga mtu. Mbuzi wa kwanza waliotengwa walikufa kwa ukame. Wa pili walichinjwa kwenye matanga ya babu. Baada ya hapo ikawa mwakani, mwakani, mpaka sote tukazoea.

Halafu mwezi huo tukamzika jirani, mama wa watu aliyekaa kwa mumewe hadi akaona vitukuu. Jeneza lilikaa uani tangu asubuhi hadi saa tisa, kwa sababu watu wa kwao walisema huyo ni binti yao na hajawahi kuolewa na mtu. Mumewe akakimbia kutafuta mbuzi akiwa na suti ya msiba. Mama alitazama yote. Tuliporudi nyumbani alikunja nguo zake, akamwambia Baba, "Mimi sitazikwa kama mpita njia," akaenda kwa mamake. Ana miaka sitini na sita. Alisema akiwaona mbuzi atarudi, na asipowaona asitafutwe. Simu akaizima.

Katelembo hadi Machakos mjini

Tulikuwa watatu: Baba, mimi, na kaka yangu Musyoka, mwenye pikapu. Musyoka ana miaka thelathini na minane na hajaoa. Nalitaja hilo kwa sababu litatuletea shida mbele. Wazee wawili wa ukoo ambao ndio wangesema maneno yenyewe walikataa kupanda pikapu moja na beberu, wakatangulia kwa basi.

Mbuzi Baba alikuwa amewachagua kutoka zizi lake: jike mweupe, jike wa madoadoa, na beberu mwekundu aliyemlea kwa mkono baada ya mama yake kufa. Jana yake aliwaosha kwa sabuni ya unga, maji ya pipa zima, mimi nikiwa sina hata ya kuoga. Asubuhi alivaa koti la suti na akakataa kukaa mbele na sisi. Alipanda nyuma, akakaa juu ya gunia la nyasi, kamba tatu mkononi.

"Baba, watu watakuona," nikamwambia.

"Wacha waone. Kwani nimeiba?"

Mjini tulisimama kununua mkate na sukari ya kupeleka. Watu watano waliuliza kama mbuzi ni wa kuuza. Wa sita alipouliza, Baba alivuta tu kamba karibu na magoti yake. Hapo ndipo nilipoacha kumtania.

Machakos hadi Makutano

Ukitoka mjini barabara inateremka na joto linapanda. Malori ya mchanga yanakuja kwa mbio, pikapu za maembe nazo, na karibu kila gari linaelekea Nairobi na kitu. Sisi tulikuwa tunakwenda kinyume na wote. Mambo yangekuwa mepesi kama Baba asingepiga bodi ya gari kila tulipofika kwenye kalvati.

Zile kalvati za kupitisha maji chini ya lami, kumbe anazijua moja moja. Hii waliimwagia zege mara mbili kwa sababu ya mvua. Ile ilikuwa na chatu. Mara nne Musyoka alisimama kwa heshima. Mara ya tano Baba alishuka na jembe, ambalo sikujua amelibeba, akaanza kuzibua matope na chupa za plastiki, koti la suti likiwa limetundikwa kwenye kioo cha pikapu. Alichukua dakika arobaini. Wazee wa ukoo wakapiga simu kwamba wao wameshafika na wamepewa chai.

"Baba, unaogopa kufika," nikamwambia. Sikupanga kusema hivyo, lilinitoka tu.

Aliendelea kuchota matope. "Hii ikiziba maji yatakata barabara," akasema. "Barabara ikikatwa mamako atarudi na nini?"

Niliokota fimbo nikamsaidia.

Makutano, pale njia ya Mwala inapochepuka, tulisimama kunywesha mbuzi. Kuna mfanyabiashara wa mifugo hapo, Msomali mrefu anaitwa Abdi, alikuwa anapakia mbuzi kwenye lori. Akawatazama wetu, akatazama pikapu imeelekea wapi.

"Mzee, umekosea njia," akasema. "Soko iko huko nyuma. Mbuzi ya hii barabara inaenda Nairobi. Mimi niko hapa miaka ishirini, sijaona mbuzi inaenda juu imeoshwa hivi."

Baba akamweleza. Nilidhani Abdi atacheka. Hakucheka. Aliingia kwenye lori lake akatoka na kamba tatu mpya za katani, akazifunga mwenyewe shingoni mwa mbuzi, akatupa zile zetu zilizochakaa. "Kwa bibi huwezi enda na kamba ya kuokota," akasema. Baba alimshika mkono kwa muda mrefu sana, mtu ambaye amemjua kwa robo saa.

Kabla ya Masii

Kilomita chache kabla ya Masii pikapu ilitoa mvuke ikanyamaza. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Fundi wa Masii alisema kwa simu kwamba mkanda wa gari kuukuu kama hilo lazima uagizwe Machakos, na angetuletea kwa bodaboda kesho alfajiri. Saa ilikuwa saba, jua kali, mbuzi wamechoka. Juu ya mteremko kulikuwa na boma lenye turubai jeupe na viti vimepangwa. Tukaona hapo kuna watu, tukaomba kivuli.

Tulipofika langoni wanawake walipiga vigelegele. Nawaambia ukweli, nilifikiri tu kwamba watu wa huku wanapenda wageni. Mwenye boma, mzee mnene anaitwa Mutua, alimshika Baba mikono yote miwili. "Karibuni, karibuni. Jua ni kali. Mkae kwanza." Vijana wakachukua kamba za mbuzi wakawapeleka nyuma ya nyumba. Baba akashukuru, akidhani wanapelekwa kwenye maji.

Nyinyi mtasema kwa nini hatukueleza tulichokuja kufanya. Kwetu mgeni haulizwi ametoka wapi kabla hajala, na mgeni mwenye adabu haanzi kujieleza na njaa. Basi wao wakangoja tule, na sisi tukala. Ilikuja muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, yamepikwa na mbaazi hadi yakalainika, halafu kuku, halafu chapati. Nikasema moyoni, haya ni makaribisho ya watu walioharibikiwa na gari tu!

Kilichonishangaza ni Musyoka. Alipewa kiti chenye kitambaa cha kufumwa, na shangazi mmoja mwembamba akakaa mbele yake kama askari.

"Unafanya kazi gani?"

"Naendesha pikapu, shangazi."

"Iko wapi?"

"Imeharibika hapo chini."

"Asi! Leo?" Akamtazama kutoka viatu hadi nywele. "Na pombe?"

Musyoka akanigeukia kutaka msaada. Kabla sijamsaidia, niliona watu wawili wakipita na sinia la maini. Baba naye aliliona. Aliinuka polepole, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata. Ngozi nyekundu ilikuwa imetandazwa kwenye ua.

Wakati huo huo huko mbele walikuwa wamemtoa msichana, Ndinda, mwalimu wa chekechea, amevaa kitenge kizuri. Nilirudi nikasikia Mzee Mutua akimwuliza kwa sauti ya sherehe, kama binti anavyoulizwa siku ya ntheo, "Mwanangu, hawa watu waliokuja na mbuzi, unawajua?"

Ndinda akamtazama Musyoka. "Baba," akasema, "huyu mimi simjui hata kidogo."

Hapo ndipo kila mtu alipoelewa. Walikuwa wakingoja ntheo ya Ndinda tangu asubuhi, na watu wa bwana hawakuwa wamewahi kuwaona. Mbuzi watatu, majike wawili na beberu, wameoshwa, kamba mpya, mzee mwenye koti, bwana wa makamo mwenye shati safi. Mkamba gani angefikiri jambo lingine? Mzee Mutua alikaa chini akashika kichwa. Mkewe akaanza kulia kwamba wamekula mbuzi wa watu. Shangazi mwembamba peke yake ndiye aliyeuliza kama Musyoka ana mtu.

Wenyewe hasa walifika saa kumi, kutoka Mitaboni, wametota jasho, wamezuiwa na lori la mchanga lililolala barabarani. Nao wana mbuzi watatu. Mzee Mutua aliwaeleza yaliyotokea.

Baba hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameketi juu ya jiwe karibu na ile ngozi. "Tupakie hao wawili, turudi nyumbani," akaniambia. "Beberu wa mamako lazima atoke kwangu. Nimemlea mwenyewe. Nitamlea mwingine, mwakani..."

Sijawahi kumpigia baba yangu kelele. Siku hiyo nilimpigia, mbele ya watu wa maboma mawili. Nilimwambia asitaje mwakani tena. Nilimwambia Mama amekaa na simu imezimwa, anahesabu magari yanayopita barabarani, na kila gari lisiloingia linamwambia yeye si kitu. Nilimwambia kama gari halitengenezeki nitawaburuta hao majike kwa miguu mimi mwenyewe, na yeye abaki na ngozi yake. Halafu nikaanza kulia na nikaona aibu kubwa.

Aliyeinuka ni baba wa bwana arusi, Mzee Kioko, mtu mfupi mwenye kofia. Alikuja akachuchumaa karibu na Baba.

"Ndugu yangu, wako ameshachinjwa kwa ajili ya kijana wangu," akasema. "Siwezi kumrudisha. Basi chukua wangu achinjwe kwa ajili ya mama. Na mimi nimemlea. Usiku wa mvua nilikuwa nalala naye jikoni, muulize bibi yangu."

"Ni kweli," mkewe akasema kwa uchungu. "Mimi nilikuwa nalala chumbani peke yangu."

Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Baba alimtazama yule beberu mgeni, mweusi, ndevu ndefu, mwenye harufu ya kumfukuza shetani. Kisha akatoa kamba aliyofunga Abdi, iliyokuwa imeachwa juu ya ua, akaenda akamvalisha.

Walimpa Baba heshima ya kukata kipande cha kwanza cha nyama. Alikula polepole, machozi yakimtoka wazi, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Tulilala hapo.

Masii hadi Wamunyu

Fundi alifika saa kumi na mbili na mkanda. Saa mbili tuliondoka, Musyoka akiwa na namba ya simu ya mpwa mwingine wa shangazi mwembamba, ambayo anasema hakuiomba.

Asubuhi hiyo Baba hakusimamisha gari popote hadi Wamunyu. Zile kalvati tulizipita moja baada ya nyingine, naye nyuma akiziangalia tu. Masii watu walikuwa wanafungua maduka. Baada ya hapo nchi inakuwa kavu, mikokoteni ya punda imebeba mitungi ya maji, mbuzi wanakatiza lami bila haraka. Beberu mweusi alikojolea mkate. Sukari ilipona.

Wamunyu wachongaji walikuwa wameshakaa kwenye vivuli vyao, twiga na vifaru wa mbao wamesimama kwenye vumbi. Baba aliomba tusimame. Nikajua sasa tunarudi kulekule. Lakini alishuka tu, akaomba maji kwa mchongaji, akanawa uso, akafuta viatu kwa majani. Kisha akaniuliza, baba yangu mwenye miaka sabini na moja, kama kola imekaa sawa. Nilimtengenezea.

Kwa Susu

Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya, alikuwa ameketi mlangoni na blanketi. Haoni vizuri lakini anasikia kila kitu. Wazee wetu wawili walikuwa wameshiba tangu jana. Mama hakuonekana.

Msemaji wa upande wao alikuwa Mjomba Kimeu, kakake Mama, ambaye kwa miaka yote hiyo amemsalimu Baba kwa ncha za vidole. Tulikaa, tukala, ndipo akauliza tumetoka wapi na tumekuja kufanya nini. Wazee wakajibu vizuri, kwa maneno marefu kama ilivyo desturi. Kisha Mjomba akaenda kuwatazama mbuzi.

"Hawa majike naona ni ndugu," akasema. "Huyu beberu hafanani na wao. Wewe, mtu wa barabara, huyu umemfuga wewe?"

Mzee wetu mmoja akamkanyaga Baba mguu. Maana yake ilikuwa, sema ndiyo. Na mimi kwa kweli niliomba aseme ndiyo, kwa sababu beberu wa kuazimwa wangeweza kumkataa na Mama angebaki.

Baba alisimama. "Hapana," akasema. "Wangu aliliwa jana kwa makosa. Huyu nimebadilishana na mtu niliyemkuta njiani." Akawaeleza yote, kuanzia mkanda wa feni hadi ngozi kwenye ua. Watu walianza kucheka, lakini yeye hakuwa amemaliza. "Nilimchukua binti yenu kwenye lori kama mtu anayebeba kokoto. Mamake aliamka akakuta kitanda kitupu. Mimi nimezaa mabinti, nimejua baadaye hiyo asubuhi ilikuwaje. Nilikuwa naona haya kuja, na kila mwaka haya ikawa kubwa. Kama beberu hafai semeni, nitaenda nimlete mwingine kwa miguu. Lakini nisameheni."

Mjomba aligeuka kumtazama Susu, na Susu akasema, "Mwiteni."

Mama alitoka ndani akiwa na kitambaa cheupe kichwani. Nilikuwa sijamwona kwa wiki tatu na alikuwa amekonda. Mjomba akamwuliza kama anamjua huyu mzee aliyekuja na mbuzi.

Musyoka alinishika mkono. Mama alimtazama Baba viatu, koti, kola.

"Namjua," akasema. "Mpeni maji, ametoka mbali."

Mjomba mwenyewe ndiye aliyechukua kisu.

Kurudi

Tulipokula na kumaliza, Baba akaanza kumtafutia Mama nafasi mbele ya pikapu, akipanguza kiti kwa leso yake. Mama akamwangalia kupitia dirisha la gari. "Leo sirudi," akasema. "Nina mama na nina ndugu. Nitatoka kwetu mchana, watu wakinisindikiza hadi stendi. Wewe nenda ukaningoje."

Basi tukarudi bila yeye, na ndiyo maana Jumapili sikuja kuimba. Nilikuwa nimebaki Katelembo kumsaidia mzee kufagia uwanja, kitu ambacho hajawahi kufanya na anakifanya vibaya sana.

Mama alikuja Jumatano. Tangu asubuhi Baba alikuwa amekaa kando ya barabara na lile koti, na basi liliposhusha abiria alimpokea mfuko, wakaja wakitembea taratibu, yeye mbele na Mama hatua mbili nyuma. Mimi nilikuwa jikoni nikiwaangalia. Baba aliingia uani akajua nyuma yake hakuna mtu.

Mama alikuwa amesimama nje ya lango. Lango hilo amelifungua kila siku kwa zaidi ya miaka arobaini, kwa mkono, kwa kiwiko, akiwa na kuni, akiwa na sisi mgongoni. Sasa hakuligusa.

"Hodi," akasema.

Baba aliweka mfuko chini, akarudi, akalifungua lango lote, pande zote mbili.

"Karibu, mke wangu," akasema. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimwita hivyo.